Mota Niliyoogopa Kuifungua

Mume wangu alifariki mwanzoni mwa 2013, akaniachia karakana ya visu hapa Kasulu na mashine ya kusagia aliyoiunda mwenyewe: mota moja, magurudumu matatu na mkanda wa msasa unaozunguka juu yake. Kazi niliijua, tulikuwa tukifanya wote. Kitu kimoja tu sikuwahi kukigusa: kuifungua ile mota. Yeye alikuwa akiifungua kila mwezi kutoa vumbi la chuma. Mimi niliogopa nisije nikashindwa kuifunga tena, nikaiacha hivyo miezi minane.

Kuelekea Idi ya kuchinja, rafiki wa marehemu, mwenye bucha Kibondo, aliagiza visu sita. Umeme ulikuwa ukija saa chache kisha unakatika, nikawa nakimbizana nao. Mkanda ulikuwa umechakaa, haukati tena, unasugua tu. Mota ilikuwa inaunguza kiganja. Ndoo ya maji ilikuwa miguuni, lakini kisu nilikichovya nilipokumbuka tu. Visu vinne vikageuka bluu kwenye makali. Chuma kikifika hapo kimelegea, hakishiki makali. Nilijua. Nikachukua msasa laini, nikaifuta ile bluu, nikavituma vyote kwa basi.

Siku mbili sikutulia. Nafagia pasipo na uchafu, natoka nje, narudi ndani. Asubuhi ya tatu nikapanda gari la Kibondo.

"Shemeji! Kwema huko?" mwenye bucha akaniuliza.

"Si kwema. Visu vinne ni vibovu. Niliviunguza, halafu nikakuficha."

Akachukua kimoja, akakipitisha kwenye mfupa. Makali yakajikunja. Akakiweka mezani.

"Zimebaki siku tano kufika Idi," akasema. "Utaniwahi?"

"Nitakuwahi."

Nilipofika nyumbani niliifungua mota hata kabla ya kunywa maji. Bolti nne tu. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa na vumbi lililogandamana na grisi kama tope. Nikapiga brashi, nikatia grisi mpya kwenye beringi, nikavisha mkanda mpya wa mwisho niliokuwa nikiubania. Nikasaga kwa vidole vitupu. Joto likiniuma tu, kisu kinaingia majini. Kila baada ya dakika chache nilisimama kuipapasa mota, siamini kwamba ni vuguvugu tu.

Visu vinne vya badala vilifika siku moja kabla ya Idi. Baada ya sikukuu akanipigia simu.

"Vimekata vizuri, shemeji. Nataka vingine sita."

Nikamwambia asubiri mikanda mipya ifike kutoka Kigoma mjini; kwa uliochakaa sisagi tena.