Fundi Cherehani na Kipa Wake

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini hushona kwa mwendo wa roki. Gitaa likichachamaa redioni, mguu wake nao huchachamaa juu ya pedeli, na mteja mwenye haraka huomba wimbo usiishe. Pini za mdomoni hazimzuii kutoa hukumu. Albamu za mwaka huu, asema, ni kelele tupu: "Wapiga ngoma wanagonga kama waliofungiwa nje!" Waamuzi wa soka ni vipofu waliopewa filimbi. Na kipa wa timu yake, huyo ndiye msiba wenyewe. "Mikono chekecheke! Mpira unapita kama unga. Astaafu, atupumzishe!"

Jirani yake mwalimu alikuja kupunguziwa suruali siku ile taarifa ya michezo ilipokatiza muziki: goti la kipa limegoma, anatundika glavu. Cherehani ikanyamaza. Fundi akatoa pini mdomoni moja moja, akachukua sindano atunge uzi, na vidole vyake, ambavyo siku zote hutunga bila kutazama, vikakosa tundu mara tatu.

"Si ulitaka aende, dada?" mwalimu akamtania.

"Nilitaka, ndiyo. Miaka kumi na mitano namtukana kila Jumapili, kaka, na hakukosa hata Jumapili moja kuja kutukanwa."

Mwalimu akaanza kucheka, kisha akamwona usoni. Akaipokea ile sindano taratibu, akavaa miwani yake, akamtungia uzi.