Siku Niliyomwaga Tangi la Kanisa

Hadi leo, ingawa nasomea uzamili, nikisikia mfereji ukifunguliwa nageuka kuangalia nani ananitazama, kwa hiyo afadhali nijianike mwenyewe kabla watu wa kijijini kwetu Nuu hawajawasimulia.

Nilikuwa na diploma ya ujenzi, na chuo kikuu kilikubali kunihamisha na alama zangu niingie moja kwa moja mwaka wa tatu wa uhandisi, mradi mhandisi aliyenisimamia kazini atie sahihi fomu yangu na kupendekeza mwaka huo. Mhandisi huyo, Bi. Mwende, alikuwa mgeni wa heshima kanisani kwetu Jumapili hiyo tulipozindua tangi la maji (lililojazwa na lori siku iliyotangulia, maana mvua ilitukwepa), nami nilikuja na fomu mkobani. Ningeketi tu, lakini Pasta akaniita mbele: "Injinia wetu, hebu tuambie, tangi liko salama?" na badala ya kusema "Amina", nikatoa kikokotoo.

Nilimuuliza fundi Mutua, aliyejenga stendi ya kulibeba tangi, upana na kimo chake, akasema mita mbili na kidogo kila kimoja, nikapiga hesabu, nikairudia (mimi hurudia kila kitu), nikapata karibu lita elfu arobaini juu ya stendi iliyojengewa elfu kumi.

"Lakini si imeandikwa hapo elfu kumi?" fundi akasema.

"Maandishi ya muuzaji si kipimo, mzee," nikamjibu, nikaamuru watu wasogee na mfereji ufunguliwe wote.

Akina mama wakakimbilia mitungi, mama yangu akiwa wa kwanza, wakakinga walichoweza na mchanga ukameza kilichobaki, nami nimesimama nikirudia hesabu mara ya tatu, ndipo nikaona kwamba penye nusu ya upana niliweka upana wote. Je, ninyamaze? Nililifikiria hilo kwa makini, huku maji yakizidi kumwagika.

"Fungeni," nikasema. "Nimekosea."

"Aiya, Mutheu!" mama akasema, ameloa hadi magotini. "Si ungekosea kwenye karatasi tu, mwanangu?"

Kanisa zima likacheka, isipokuwa Bi. Mwende, aliyeniomba fomu, akatia sahihi, na penye mwaka wa kuanzia akaandika: wa kwanza.

"Hesabu hata mimi hukosea," akaniambia polepole. "Lakini fundi alikuambia, ukamnyamazisha. Anza mwanzo."

Nilisoma miaka miwili zaidi, pamoja na watoto waliotoka sekondari juzi, na kila likizo kanisani niliketi nyuma kabisa. Niliapa, na bado nakishika kiapo hicho, kwamba sitatoa amri tena iwapo kuna mtu aliyebaki na neno la kusema.