Konokono wa Katikati

Crocifissa Campo alikuwa fundi cherehani kisiwani Favignana, lakini Jumapili baada ya misa ulikuwa humkuti nyumbani. Alishuka mwambani nyuma ya kanisa na chekeche yake ya kuskusi, akachekecha mchanga mpaka apate magamba ya konokono wadogo wa baharini, kila moja kama punje ya hindi. Aliyapanga kwenye sanduku la vifungo: jeupe mwanzoni, kisha la madoa, la mistari, la kahawia, hadi jeusi tii. Huoni pa kukata useme hapa aina moja imeisha, nyingine imeanza.

"Hawa ni ndugu wa tumbo moja," alipenda kusema, "ila kila mmoja kavaa lake."

Sanduku hilo hakumwazima mtu, isipokuwa Gaspare, aliyemsimamia binti wa Crocifissa ubatizo na kwa hiyo akawa ndugu. Gaspare naye alikusanya magamba, mara nyingi bega kwa bega naye mwambani, tena alikuwa na uchu wa kuonekana mtu.

Siku moja, sanduku likiwa bado kwake, Gaspare akawaalika nyumbani wakusanyaji wenzao wote. Kuskusi ya samaki ikiwa mezani, akasimama na bilauri ya divai akatangaza: amegundua aina mpya ya konokono, mweusi, jarida la sayansi limekubali, na jina alilompa ni la Crocifissa. Watu wakapiga makofi. Crocifissa, maskini wa watu, alilia kwa furaha.

Kisha Crocifissa akafungua sanduku lake lililokuwa kabatini mwa Gaspare. Meupe yapo, meusi yapo. Katikati pamba tupu.

"Kaka Gaspare, wa katikati wako wapi?"

Gaspare akamvuta hadi jikoni. "Dada, usiniharibie shughuli. Nani angekubali kuwa mweupe na mweusi ni aina mbili, na wewe umejaza ngazi nzima hapo kati?"

"Nimekuuliza wako wapi."

"Nimewarudisha baharini. Si kwao? Hebu cheka basi! Nimekupa jina litakalobaki hata tukifa."

"Hilo ndilo linaloniua. Ungedanganya kwa jina la mama yako, mwanaharamu wee! Nilikupa amana."

Akaondoka bila kuaga. Lakini jina likishachapwa limechapwa. Mpaka leo watu humpongeza njiani, na kila pongezi humchoma upya.

Jumapili iliyofuata alirudi mwambani na chekeche. Akapata la madoa, na baadaye la mistari, zuri kuliko lile la kwanza. Akaliweka kiganjani, akageuka haraka kumwonyesha mtu. Miaka yote hiyo, mtu huyo alikuwa Gaspare.