Maji ya Wageni

Siku yangu ya kwanza kazini nilitukanwa kabla jua halijapanda vizuri. Superviseur wa usafi, mwanaume mfupi aliyevaa kofia ya mvua hata wakati wa kiangazi, alinishusha kwenye ufuko wa ziwa karibu na Kirotshe. Akanipa kiti cha plastiki, ndoo ya dawa yenye kifuniko, na seringe kubwa isiyo na sindano. Kazi yangu ilikuwa kutia klori ndani ya kila bidon, dumu la maji, iliyojazwa ziwani. Bidon ya manjano, ile mnayoijua wote, ilipata kipimo kimoja cha seringe, na kama maji yalikuwa na matope kipimo kiliongezeka. Kisha mwenye maji aliambiwa angoje nusu saa kabla ya kunywa, maana klori haiui vijidudu papo hapo. Mama mmoja mwenye bidon mbili alinitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Dada, hiyo dawa yako njo ile ya kufunga wanawake basizae?"

Nikamjibu kwamba mimi mwenyewe nakunywa maji yale na nina mimba.

"Basi tutaona kama iko mutoto ao iko nini," akasema, na foleni yote ikacheka.

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Mume wangu akaniuliza kazi ilikuwaje, nikamwambia apasue kuni na anyamaze. Mtoto alizaliwa mzima, tukamwita Vumilia, na tangu hapo njo jina langu: Mama Vumilia.

Superviseur hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini nilipomlalamikia alinipa moja nililobeba mpaka leo. "Mama, bantu habakuchukii wewe. Banachukia arufu. Ukiweka hiyo mu kichwa, utakawia mu kazi." Nilikawia kuliko yeye. Risasi za barabarani zilimkuta juu ya moto, yaani pikipiki, akipeleka klori kwa waliokimbia vita, na seringe zake tulizikuta zimetawanyika kwenye majani. Nilimlilia sana, ingawa wakati wa uhai wake tuligombana karibu kila juma.

Baadaye zone ya afya ilinituma Walikale, kule Ntoto. Hakuna ziwa kule, kuna chemchemi na msitu, na barabara yenyewe ni matope yanayokula viatu. Kiongozi wangu alikuwa infirmier titulaire, yaani muuguzi anayeshika kituo cha afya, mzee mpole aliyekohoa kabla ya kila sentensi. Huyu njo aliyenifundisha enquête, kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba kutafuta ugonjwa unapita wapi. "Usiulize muntu kama ananawa mikono," alisema. "Kila muntu atakujibu ndiyo. Omba maji ya kunawa, kisha uangalie sabuni itatoka wapi."

Alinifundisha pia namna ya kuchagua nyumba. Huwezi kuingia nyumba zote, na ukichagua mwenyewe utakwenda kwa rafiki zako ao kwa wale wenye viti vizuri. Kwa hiyo timu inasimama katikati ya kijiji, inaweka bic, kalamu ya wino, chini na kuizungusha. Pale ncha inaposimama kuelekea, mnafuata upande ule na kuanza na nyumba ya kwanza. Ni njia ya haki, haina upendeleo. Watu wa Ntoto walituangalia wakanong'ona kwamba tunapiga ramli. Sisi tulicheka, maana mambo yale yalikuwa bado hayajatuumiza.

Sasa niwapeleke mahali ambapo kazi yangu ilikuwa nzito kuliko kote. Ni kijiji kimoja cha wafugaji upande wa Kirolirwe, jina lake naliacha. Watu wa huko wanaishi kwa ng'ombe na maziwa. Vita vilipowasukuma watu wa kandokando ya ziwa kupanda milimani, kolera ilipanda pamoja nao. Wakimbizi walijenga vibanda vya maturubai juu ya kilima, nasi tukafungua kituo cha klori kwenye bomba la kijiji. Wafugaji hawakuipenda hata kidogo. Walisema ukiosha chombo cha maziwa kwa maji yale, mashanza, yaani maziwa yetu ya kugandisha, yanakataa kuganda na yanabaki na harufu ya hopitali.

Kijijini humo aliishi Mama Sifora, muuza maziwa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, mama wa watoto wadogo. Baba mkwe wake alikufa kwa uzee, kitandani mwake, na kilio kikafanyika nyumbani kwa Sifora. Watu walikuja kutoka vilima vyote. Sifora njo aliyehudumia, akipitisha vikombe vya maji na sahani za viazi kwa kila aliyekaa. Baada ya maziko waombolezaji wakaanza kuharisha maji meupe kama ya mchele. Wengine tuliwahi kuwatundikia serumu, maji ya mshipani. Shemeji wa Sifora alikufa, na mke wake, na msichana wao mdogo, na wengine wa vilima vya jirani.

Nyinyi ni watu wa hapa, mnajua neno lililotembea. Karuho, sumu ya kikombeni. Walisema Sifora alitaka ng'ombe za mzee zibaki kwa mume wake peke yake. Mume mwenyewe aliinamisha kichwa, hakusema ndiyo wala hapana. Ukoo ukatangaza kwamba mambo yatakatwa Jumapili baada ya ibada.

Médecin chef de zone, daktari anayeongoza zone nzima, alikuwa kijana mwembamba asiyelala. Aliniita chini ya turubai la wagonjwa.

"Mama Vumilia, tukionyesha wazi kolera ilipita wapi, huyu mama anaokoka. Tukikosa, batamufukuza ao batamuchoma. Muende leo."

Chef d'équipe, kiongozi wa timu, alikuwa ametoka mjini na tablette yake mkononi, kijana wa adabu na mwenye kufuata sheria ya kazi. Alisimama katikati ya kijiji, mbele ya kanisa, akaweka bic chini. Watu walikuwa wamejaa kutuzunguka, maana siku za kufiwa hakuna anayekwenda malishoni mapema. Akaizungusha. Bic ikazunguka, ikapungua, ikasimama. Ncha yake ilielekea kwenye njia ya kwa Sifora, na nyumba ya kwanza kwenye njia ile ilikuwa yake.

Mwanamke mmoja alijishika mdomo, na wanaume wakatazamana. Nilimwambia chef d'équipe kwa Kifaransa azungushe tena. Akanijibu kwamba ukizungusha mara ya pili kwa sababu hupendi jibu la kwanza, enquête yako ni takataka. Alisema kweli, na infirmier wangu wa Ntoto angesema vilevile. Tukafuata bic.

Sifora alitukaribisha kwa mikono miwili. Nilipima maji ya bidon yake. Unajaza kibomba kidogo cha kioo, unatia kidonge, unatikisa. Yakigeuka ya waridi, klori imo bado. Yakibaki meupe, haimo. Yakageuka waridi safi kabisa. Mama huyu alikuwa anachota bombani kama tulivyomwambia. Ndipo nikakumbuka fundisho la Ntoto, nikamwomba maji ya kunywa. Hakugusa bidon. Aliingia chumba cha nyuma akarudi na mtungi uliofunikwa kitambaa cha kushona maua, akanimiminia maji baridi yasiyo na harufu yoyote. Nilitia kidonge, nikatikisa. Yalibaki meupe.

"Mama Sifora, haya maji yanatoka wapi?"

"Ku kijito ya chini, kule tunaosha vyombo ya maziwa. Ile ya dawa tunakunywa siye ba nyumba. Lakini wewe iko mugeni, Mama. Nitakupaje maji inanuka? Utasema nini juu ya nyumba yangu?"

"Na siku ya kilio?"

"Siku ya kilio bote balikuwa bageni," akasema, na alisema kwa fahari kidogo. "Nilichota mu kijito tangu asubui. Hakuna hata mumoja alikunywa maji ya kunuka kwangu."

Kijito kile kilipita chini ya vibanda vya wakimbizi, ambako vyoo vilikuwa bado havijachimbwa. Nilikaa pale na kibomba mkononi nikitamani kulia. Tuliendelea nyumba kwa nyumba, na kila mahali ilikuwa hivyohivyo: bidon ya dawa kwa watu wa ndani, mtungi wa kijito kwa wageni. Hata kwa mchungaji wa kanisa. Kilio kingefanyika nyumba yoyote, watu wangekufa vilevile.

Tulirudi kwa daktari na habari hiyo, na tulirudi na furaha, nisiwafiche. Tuliona tumemwokoa mtu. Jumapili daktari alisimama mbele ya kanisa akaeleza vizuri sana, polepole, kwa Kiswahili cha hapa. Si karuho. Ni kolera, imetoka vibandani, imeingia kijitoni, imeingia mitungini. Akataja kwamba nyumba zote zina mtungi ule. Watu walitikisa kichwa wakikubali, na Sifora, aliyekaa chini na mtoto mapajani, aliinua uso kwa mara ya kwanza.

Kisha mkubwa wa ukoo akasimama, mzee mwenye fimbo na koti, akauliza bila hasira.

"Docta, tunakushukuru. Unasema maji ya kijito njo iliua bantu betu?"

"Ndiyo, Papa."

"Siku ile nani alienda kuichota?"

"Papa, kila nyumba inachota pale."

"Siulizi kila nyumba. Ile maji ya kilio, nani aliichota? Nani aliwapa bantu mu mukono?"

Daktari akamtazama Sifora.

"Na bic yenu ilionesha wapi?" mzee akauliza.

Chef d'équipe alianza kueleza habari ya kuchagua nyumba bila upendeleo, lakini hakuna aliyemsikiliza tena. Hakukuwa na kelele wala mawe. Mzee alisema tu kwamba hawatamgusa, kwa heshima ya docta, ila asilale tena katika nyumba ya ukoo. Watoto walibaki, maana kwao watoto ni wa ukoo. Walimtoa mtoto mapajani mwake kama mtu anayepokea mzigo. Sifora alifunga kitenge, akashika njia ya Walikale, ambako alikuwa na dada ya mama yake. Mume wake alikuwa amesimama na ng'ombe.

Daktari alikaa ndani ya gari akashika usukani bila kuwasha. "Nilifikiri ukweli utamutetea," alisema. Nilikuwa na uchungu mno, na yeye alikuwa na umri wa mwanangu.

Enquête ile ilisifiwa. Tulichimba vyoo, tukahamisha vibanda mbali na kijito, tukaanza kuwafundisha akina mama kutia klori hata katika mtungi wa wageni na kuufunika. Tuliweka pia relais communautaires, yaani wajitolea wa kila mtaa, wengi wao wafugaji wenyewe, na hao njo walioibadili kweli tabia ile. Kolera ikatulia. Mkiangalia kazi peke yake, tulishinda.

Sasa nimestaafu, niko Kirotshe na magoti yanayouma. Vijana wa afya wanapita kunisalimia na tablette zao, wananiuliza niwaachie fundisho gani. Nawaambia hivi: kabla ya kusema mbele ya watu ugonjwa ulipita wapi, tafuteni kwanza nani atabebeshwa jibu lenu, na mkae naye karibu. Wanaandika. Sijui kama wanasikia.

Safari yangu ya mwisho ya kazi ilikuwa Ntoto tena, kuwaaga. Sokoni nilikuta mwanamke mrefu akiuza chumvi na sabuni, nikaijua sauti kabla ya uso. Sifora alinikaribisha kwake, chumba kimoja cha miti. Akachota maji kwenye bidon akaniletea. Nilisikia klori tangu mlangoni. Hakunipa kikombe. Alikunywa kwanza yeye, nusu, macho yake yakiwa kwangu, kisha akanipa kilichobaki, namna wanavyofanya watu wanaoshukiwa karuho. Nilikunywa nikamrudishia kikombe, nikamwambia kwangu hahitaji kufanya vile.

"Nimeizoea," akasema. "Mama Vumilia, nikuulize. Ile siku docta alisema kweli?"

"Alisema kweli, Mama. Haikuwa karuho. Ilikuwa maji."

"Basi ilikuwa miye."

"Hapana. Kila nyumba ilikuwa na ule mtungi. Hata kwa mama yangu Kirotshe, mpaka leo, mgeni hapewi maji ya dawa nisipokuwepo. Ingekuwa yeyote."

Alifuta ukingo wa kikombe kwa kidole.

"Lakini kwa mama yako bantu habakukufa," akasema.

Kisha akainuka akajaza kikombe tena. Akanywa kwanza yeye, akanipa.