Lenzi ya Kijani Msibani

Lenzi za macho za rangi zilipoingia mjini, niliazima za msusi wangu wa Tandika nikaenda nazo harusini. Alikuwa ameshazivaa yeye. Mie nikazisuuza tu kwa maji ya bomba, nikazibandika. Kesho yake macho yalikuwa mekundu, yanachuruzika, na lenzi ya jicho la kulia ilikataa kutoka. Ndipo nikaletewa habari kwamba Bi Mwajuma, mama wa rafiki yangu Zuhura, amefariki. Ndiye aliyenilea nilipofiwa na mama.

Nikajifunika khanga hadi usoni, nikaenda. Machozi hayakukoma. Wanawake wakanipisha mkekani.

"Jamani, huyu anamlilia marehemu kuliko mwanawe!" mmoja akasema.

Nilikuwa naumwa jicho tu, lakini nikapokea pole zote.

Zuhura akanikumbatia, akanifuta macho kwa ncha ya khanga yake. Lenzi ikabaki pale kitambaani, kijani. Akaitazama, kisha akanitazama mie.

"Kumbe ndiyo hii inayokuliza?" akauliza kwa sauti ndogo.

Machozi ya kweli ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kunitoka, na Zuhura alikuwa ameshanipa mgongo.