Paka Aliyechuja Rangi

Mama yangu ameuza vitambaa Nyamagana tangu kabla sijazaliwa, na katika miaka yote hiyo kuna kosa moja tu ambalo hajawahi kumsamehe mtu: kuuza kitenge kinachochuja. Naeleza hili mapema msije mkamwona katili kwa yale aliyomfanyia paka wangu.

Paka nilipewa na shoga yake Mama, wa Kiseke. Wageni aliokuwa akiwapikia walirudi kwao wakamwachia paka jike wa manyoya marefu, naye akazaa. Kwetu paka hauzwi, kwa hiyo nilichaguliwa dume mmoja, nikambeba kwenye kapu hadi nyumbani. Alikuwa donge la manyoya, rangi ya jivu, macho ya buluu. Mama alimpapasa kwa vidole viwili, vile anavyopapasa kitambaa kipya, akasema, "Kitu kizuri." Kwake yeye hiyo ni hotuba nzima.

Uzuri wenyewe haukudumu. Yalianza macho: ile buluu ilififia, ikawa haieleweki, kisha ikaanza kugeukia manjano. Yakafuata manyoya. Yale mepesi ya utotoni yaling'oka yakajaa kwenye mikeka, kwenye mito, mara moja hata kwenye pilau, na katikati ya mgongo wa kijivu ukatokea mstari mweusi tii. Miguu ikarefuka, masikio yakauzidi uso. Mkia peke yake ndio uliotangulia kunenepa, ukawa mkubwa kuliko mwenyewe, utadhani ameuazima.

"Wamempaka rangi," Mama akatangaza asubuhi moja. "Huyu ni mweusi, wakampaka kijivu. Sasa anachuja."

"Mama, nani atapoteza muda wake kupaka paka rangi?"

"Nimeona watu wanapaka rangi mitumba wakaiita mipya. Paka ndiye atakayewashinda?"

Akafanya anachofanya dukani kila mzigo ukiingia. Alilowesha pembe ya kitambaa cheupe, akambana paka kwapani, akamsugua mgongo. Kitambaa kikatoka na rangi ya kahawia. Lilikuwa vumbi tu, maana kutwa nzima paka alikuwa akigaragara kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yetu, lakini nani angesikilizwa? Mama alipiga simu Kiseke kwa adabu zote, akaulizia afya za ukoo mzima, ndipo akamwomba shoga yake aje amchukue mnyama wake.

Nilikasirika, tena sana. Mtu mzima mimi, ninayeshika funguo za duka, nilimnunia mama yangu siku kadhaa kwa ajili ya paka. Lakini paka huyo nilimpenda. Nilimpenda vilevile alivyo, na mabaka yake na mkia wake wa kuazima, na sikuwa tayari kumwona akirudi kwenye kapu.

Bahati nzuri, yule shoga hakuwa na haraka. Mara ana harusi, mara mafua, mara mvua imeharibu njia. Kila alipoahirisha nilimshukuru Mungu, na paka naye akaendelea na kazi yake ya kukua. Weusi ulishuka kutoka mgongoni hadi mbavuni, na safari hii manyoya yalikuwa marefu, ya kung'aa. Shingoni ikaota kola. Mapajani, kwa nyuma, akavaa suruali ya manyoya hayohayo. Vishungi vikachomoza masikioni na katikati ya vidole, na macho yakatulia kwenye rangi ya asali.

Wale wadudu wadogo wa ziwani walipokuja, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi, paka alirudi nyumbani kola imejaa wadudu. Niliyemkuta amempakata, kitana mkononi, akiwatoa mmoja mmoja, ni Mama.

"Wataingia kwenye vitambaa," akasema. Wala sikuwa nimemuuliza.

Kisha alasiri moja, bila hata kupiga simu, shoga wa Kiseke akabisha hodi. Kapu mkononi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo humu?"

Nilimkaribisha, macho yangu kwenye lile kapu. Mama alikuwa mkekani, kanga imefunika miguu, na hakuinuka kumlaki mgeni, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Nimekuja kumchukua yule paka wenu anayechuja," mgeni akasema. "Mnisamehe, nimechelewa mno."

"Hayupo," Mama akajibu.

"Hayupo?"

"Katoka. Paka wa siku hizi hawaagi."

Nikatazama chini nisicheke. Pembeni mwa goti la Mama, kutoka chini ya kanga, ulikuwa umejitokeza mkia mweusi, mnene, ukipigapiga mkeka taratibu. Paka alipokuwa mdogo angefichika hata kwenye kiganja. Mama aliuvuta upindo wa kanga akaufunika mkia. Upande wa pili ikatokea suruali.

Mgeni aliitazama ile suruali, akamtazama Mama usoni. Mama hakupepesa. Basi mgeni akaliweka kapu chini, akavua viatu, akakaa.

"Nitamsubiri," akasema. "Labda mnipe chai."

"Mchemshie mama yako mdogo chai," Mama akaniambia, bila kujisogeza hata kidogo. "Mimi siwezi kuinuka. Miguu yote imekufa ganzi."