Treni na Taa Zake za Kichwani

Mume wangu ana taa nyingi za kichwani kuliko mashati. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu. Fungua droo ya jikoni utafute kisu, utashika taa. Inua mto, taa. Mtaani wanamwita Treni, maana anatoka mchana kweupe na taa kwenye paji la uso, na hajali nani anacheka. Ni fundi bomba, kazi yake iko chini ya masinki na juu ya dari, kwa hiyo taa ni haki yake. Moja. Sikatai moja.

Ningemwachia yote hayo kama si jengo moja la ghorofa nne. Kazi zote za maji pale ni zake, na ndizo zinazotulisha. Sasa miezi ya karibuni maungio mawili aliyoyakaza mwenyewe yalivuja. La pili lililowesha dari ya mpangaji wa chini mpaka ikaanguka juu ya kitanda. Msimamizi wa jengo, mtu mpole asiyejua hata kufoka, akamwambia, "Fundi, ikivuja tena itabidi nitafute mwingine. Usinielewe vibaya." Unga wetu ulikuwa unaelekea kumwagika, na mume wangu alikuwa na jibu moja tu: taa haina nguvu.

Basi akawa ananunua. Ya kwanza ilitumia betri tatu ndogo, zile za rimoti. Mwanga wake ulikuwa unafifia polepole kama mtu anayesinzia kwenye mkutano, na kila ulipofifia alivamia rimoti, kisha saa ya ukutani. Saa yetu imesimama hadi leo, na mimi ndiye naulizwa kwa nini chakula kinachelewa. Akaja na ya kuchaji, betri imo ndani kwa ndani, huwezi kuitoa. Hiyo ilimulika vizuri mpaka ilipochoka, ikazimika bila kuaga, yeye chali chini ya sinki na spana mkononi. Jioni akawa anagombania chaja na watoto wake wa kuwazaa.

Akaja na kubwa zaidi, ya betri nene moja iliyokaa kwenye kiboksi nyuma ya kisogo. Ukiivaa umesimama, raha mustarehe. Ila fundi bomba halali kifudifudi, analala chali, na kile kiboksi kilibaki katikati ya fuvu na sakafu. Alirudi na nundu.

"Ulipoinunua uliijaribu ukiwa umelala?" nikamuuliza.

"Sasa dukani nitalala wapi, mke wangu?"

Nikaenda kuosha vyombo kwa kelele. Iliyofuata ilikuwa ya kisasa, unapunga mkono mbele yake inawaka, unapunga tena inazima. Chini ya sinki kila bomba lilikuwa linaipungia. Alirudi akiyatukana mabomba.

Kilichonitia kichaa ni kwamba kila taa ilikuwa kali kuliko iliyotangulia, na kila moja aliilaumu kwa neno lilelile. Ina ukungu. LED zake feki, zinatoa ukungu.

Msimamizi alipopiga simu kwamba sinki la ghorofa ya juu, ambalo mume wangu hakuwahi kuligusa, linavuja, nilivua aproni. "Leo nakwenda na wewe," nikamwambia. "Na taa navaa mimi."

"Wewe unajua nini kuhusu bomba?"

"Bomba sijui. Taa nazijua zote, naishi nazo."

Nikavaa ile mpya kabisa, nyepesi, ya kuchaji lakini betri yake inatoka ukitaka kubadilisha. Kwa kweli ilikuwa nzuri. Kasoro yake kitufe kimoja kinachofanya kila kitu: unaanza na mwanga mkali, ukibonyeza unakuja wa kati, halafu hafifu, halafu mwekundu ambao sijui ni wa nini. Tukalala chali, vichwa vyetu viwili ndani ya kabati la sinki. Tangu tuoane hatujawahi kubanana vile mchana.

Akakaza nati, akafungulia maji. "Tayari. Pakavu."

Mimi nilikuwa nalitazama tone. Lilikuwa limening'inia chini ya nati, nene, linang'aa. Likadondoka kwenye mkono wa shati lake.

"Panavuja," nikasema.

"Wapi?"

"Hapo mbele ya pua yako."

Akapitisha kidole juu ya nati, na juu palikuwa pakavu. "Mulika basi."

"Nimemulika."

"Ongeza, mama. Naona ukungu tu."

Hapakuwa na cha kuongeza. Nati ilikuwa inameremeta mpaka macho yangu mwenyewe yanatoa machozi. Nikabonyeza kwa hasira tu, ili anyamaze, nikijua mwanga utapungua. Ukapungua. Nikabonyeza tena, ukabaki hafifu.

"Eeh," akasema. "Hapo sasa. Nimeliona." Akapeleka spana palepale panapotakiwa, akakaza, tone likakoma. "Kumbe muda wote ulikuwa umeiweka chini."

Hasira yangu yote ilikuwa bado kifuani, ila sikujua tena niipeleke wapi, na niliogopa. Msimamizi alikuja akainama, akapapasa ungio juu na chini, akasema, "Shemeji, uwe unakuja naye." Alidhani ananitania.

Kesho yake nikamburuta kwa daktari wa macho. Njia nzima alinung'unika kwamba duka la taa liko upande ule mwingine. Daktari alimkalisha, akavaa taa yake ndogo kichwani, akamchungulia jicho moja, kisha la pili, na hakuwa na haraka.

"Una mtoto wa jicho, baba, macho yote mawili," akasema. "Ukungu uko humo ndani. Ukimulika kwa taa kali, mwanga unasambaa kwenye huo ukungu na huoni kitu. Kadiri unavyonunua kali ndivyo unavyojipofusha. Lakini unafanyiwa upasuaji, unaona."

Mume wangu aliitazama mikono yake. "Nati nitaiona?"

"Utaiona."

Akatikisa kichwa kukubali. Akajifuta macho kwa mkono wa shati, nami nikageukia ukutani ili nisimwaibishe. Kisha nikamsikia, kwa sauti ndogo:

"Samahani daktari, hiyo yako inatumia betri gani?"

Daktari alinitazama mimi. Nikamwambia amjibu. Amweleze yote, na kitufe pia.